Chungu Kisicholia

Kwanza kabisa, acheni kushika vyungu kwa mdomo. Nasema hivi kwa sababu juzi nilipita pale ghalani Hounslow kuwasalimia, nikamwona mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, akiinua chungu cha watu kwa kukikamata ukingoni utadhani ni kikombe cha chai. Mimi nimestaafu, sijafa. Roho iliniruka. Mdomo ndipo mahali dhaifu kwenye chungu, na ndipo kila mtu anapokimbilia kushika. Mkono mmoja chini ya tako, mwingine ubavuni, na macho yawe kwenye chungu, si kwenye simu.

Mliniambia, "Mzee Wanjala, tuandikie mambo ya kazi, yale ambayo kwenye mafunzo hatuambiwi." Haya. Leo mke wangu ameenda kanisani, nyumba imetulia, na hapa Tottenham mvua imeshika tangu asubuhi. Nimekaa mezani na sitoki mpaka nimalize. Lakini msitegemee nianze mwanzo, maana mwanzo wangu kwenye kazi hii ni kufagia maranda na kuitwa kwa jina ambalo si langu. Nitawaeleza habari ya chungu kimoja tu. Nilikuwa nimefunga vyombo vya makumbusho karibu maisha yangu yote, vikaenda kwa ndege na kwa meli vikafika vizima, nikaamini kazi nimeimaliza kuijua. Kumbe bado.

Aliyenifundisha kufunga alikuwa Mzee Jayanti. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, aliyekuja London kijana akakaa Kenton hadi mwisho wake. Siku yangu ya kwanza ghalani nilimwamkia kwa Kiingereza, tena kile cha kujikaza. Akaniangalia juu hadi chini.

"Wewe Mluhya?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa Kiingereza ya nini? Lete magazeti."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Kisumu na hakukibadilisha hata mara moja, wala hakuomba radhi kwa ajili yake. Magazeti aliyokuwa anataka yalikuwa ndiyo vifaa vyetu siku hizo. Sponji hakuna. Tulikuwa na magazeti ya kukunjakunja, maranda, na tepu iliyokuwa inashika kila kitu isipokuwa kreti, lile kasha la mbao. Alinifundisha kupiga chungu kwa kifundo cha kidole kabla ya kukifunga na kusikiliza. Kizima kinalia vizuri. Chenye ufa kinatoa mlio mfu kama wa kizibo, "tu", basi. "Kinacholia kinasafiri," alikuwa akisema, "na kisicholia ita bosi, asije akakulaumu wewe." Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nagonga bakuli zake bila kujijua, na mke wangu hukanyaga mguu wangu chini ya meza.

Kingine alichonifundisha ni kwamba chungu chenye tako la mviringo hakipendi kubanwa. Kinapenda ngata, ile pete ya nguo ambayo mama zetu huiweka kichwani kabla ya kujitwika maji. Mlipoleta ile mashine ya kukata sponji kwa kompyuta, mkatengeneza shimo lililokaa sawasawa na chungu, kila mtu akapiga makofi. Chungu kikafika salama, na kule kilikofika hakuna aliyeweza kukitoa. Mkono haukuwa na pa kuingia. Wakakivuta kwa mdomo. Mnajua kilichotokea, na kama hamjui, jiulizeni mdomo wake uko wapi sasa. Ukifunga, mfikirie atakayefungua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mke wa Mzee Jayanti alipofariki, mzee aliniomba nimsindikize kununua chungu. Kwenye ukoo wao, kabla jeneza halijaondoka nyumbani, mtoto wa kiume hubeba chungu cha maji begani, hulizunguka jeneza, kisha hukiachia kianguke nyuma yake kivunjike. Na hageuki kutazama. Chungu kikivunjika, marehemu ameachiliwa, yuko huru kwenda. Hakuna zaidi ya hapo. Ni chungu tu, na kazi yake ni moja.

Tukaenda duka la vifaa vya bustani, mimi na yeye, wafungaji wawili. Tukasimama kwenye rafu tukigonga vyungu kimoja kimoja. Mwenye duka alidhani tuna kichaa. Tukasikiliza, tukabishana, tukarudisha vilivyotoa mlio mbaya, hatimaye tukapata kimoja kilicholia vizuri mno, kizito, kimechomwa kikaiva. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka tulikuwa tunanunua chungu cha nini.

Mwanawe anaitwa Nilesh. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini hukujibu kwa Kiingereza, kama hawa watoto wangu. Siku ya mazishi alikibeba kile chungu begani, akazunguka jeneza la mama yake pale mbele ya nyumba, akakiachia. Kiliruka. Vijana, kiliruka, kikabingirika hadi kwenye gurudumu la gari la maiti, maji yakamwagikia viatu vya majirani. Wakamrudishia. Akakiachia tena. Kikatoa mlio mzuri kuliko ule wa dukani. Watu wakaanza kutazama chini. Mwishowe akaenda gereji akachukua nyundo, akapiga chungu cha mama yake kwa nyundo, analia.

Ndani ya gari, njiani kwenda kuchoma maiti, Mzee Jayanti aliinama akafuta maji ya chungu kwenye viatu vyake. Kisha akasema, "Wanjala, sisi imechagulia yeye chungu ya kupanda meli." Akaanza kucheka, na kicheko hakikudumu, kikageuka. Nilimshika mkono mpaka tukafika.

Aliniambia baadaye kwamba kijana hapati usingizi. Nilesh ni mtu wa hesabu, haamini mambo mengi, lakini ile nyundo ilimkaa rohoni. Aliona kama alimfukuza mama yake badala ya kumsindikiza. Ndipo mzee akanikalisha jikoni kwake, akanimiminia chai ya maziwa, akasema, "Yangu ivunjike mara ya kwanza. Kwa sababu ya huyu kijana, si kwa sababu yangu. Yeye itanunua kwa mtandao, italeta balaa. Wewe tafuta."

"Nitakitafuta, mzee."

"Ahidi."

Nikaahidi. Na mnanijua, mimi nikiahidi ni kama nimepigilia msumari.

Nilitafuta kwenye maduka yote. Nilivyoona vyote vilitengenezwa kudumu, au vilikuwa vya plastiki vimepakwa rangi ya udongo, ulimwengu umeharibika. Nikawa nagonga vyungu nikitafuta kibovu, na vibovu vyenyewe vilikuwa na nyufa tayari, ukitia maji vinakuaibisha kabla hujafika mlangoni. Ndiyo shida. Chungu cha namna ile lazima kiwe kizima na kishike maji, tena kivunjike kikiguswa na ardhi mara moja. Kukipata kama hicho si mchezo.

Safari yangu ya mwisho ya kazi ndiyo iliyonifungua macho. Makumbusho moja ya hapa ilikuwa inarudisha Kenya vyungu vya makaburini, vilivyotolewa jangwani kaskazini siku za zamani sana. Nikatumwa kuvisindikiza. Tulivifikisha Nairobi, nikavifungua mwenyewe, vyote salama. Mtaalamu wa mambo ya kale aliyevipokea, dada mmoja wa huko huko kaskazini, akaniambia, "Mzee, umevibeba mbali hivi, huoni haja ya kuona vilikotoka?" Nikabadilisha tiketi siku ile ile. Bosi wangu hapa Hounslow alipiga simu akanung'unika, nikamwacha anung'unike.

Makaburi yale yako kwenye kilima cha mawe meusi, ziwa unaliona kwa mbali lakini halikusaidii kitu kwa joto. Watu wa kale walisimamisha nguzo za mawe kuzunguka wafu wao, na wengine wakalazwa chini ya mawe yaliyopangwa kwa mduara. Upepo wa pale unakusukuma kama mtu mwenye haraka. Nilitembea nimeinamisha kichwa, na ndivyo nilivyoona vigae. Vigae vya vyungu vilikuwa kila mahali, vingine vimechorwa mistari midogo midogo kwa ncha ya kijiti au ukucha. Yule dada alinikataza kuokota, na alifanya vizuri, maana mikono ilikuwa inaniwasha.

Nikamuuliza kama walivivunja makusudi.

"Sijui," akasema. "Inawezekana ni uzito wa mawe. Inawezekana ni watu. Tukiwa waaminifu, hatujui."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwaza mtu wa zamani, mtoto wa mtu, aliyekuja na chungu mpaka juu ya kile kilima, na labda hakurudi nacho. Nikamkumbuka Nilesh na nyundo yake.

Yule dada ndiye aliyenipeleka kwa Mama Akiru. Huyu alikuwa mfinyanzi, anakaa karibu na barabara ya kwenda ziwani, anauza vyungu vya maji kwa wapita njia. Mama mkavu, mrefu, sauti yake nzito kuliko yangu. Nilimweleza nataka chungu kitakachovunjika. Akaacha kazi akanitazama.

"Miaka yote watu wananiletea vilivyovunjika wakinitukana," akasema. "Wewe unakuja kuomba?"

Nikamweleza vyote, jeneza, bega, kutogeuka nyuma, nyundo. Alisikiliza bila kucheka. Kisha akauliza, "Huyo mzee ni wako au ni wangu?"

"Ni wangu, mama."

"Basi finyanga wewe. Mimi nitakuelekeza."

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo pa kujifunza. Sikuwa nimewahi kufinyanga. Nimeshika vyungu maisha yangu yote kwa nje, sikujua kilichomo ndani ya ukuta wake. Mama Akiru alikuwa na rundo la vigae vya vyungu vyake mwenyewe vilivyokufa, anavisaga kwa jiwe na kuvichanganya kwenye udongo mbichi. Ule unga mgumu ndio unaofanya chungu kisipasuke motoni na kisikate tamaa kikianguka. Chungu kipya kimebeba vya zamani ndani yake. Mimi nilikuwa sijui, na nimefunga mamia.

"Chako kitapata kidogo," akasema. "Kiasi cha kupita motoni tu."

Hakutumia gurudumu la kufinyangia. Unasokota udongo kama kamba, unazungusha, unapandisha, unalainisha kwa kipande cha kibuyu. Chungu changu cha kwanza kiliketi chini chenyewe mbele ya macho yangu, polepole, kama mzee anayetafuta kiti. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini na wao. Kilichofuata nilikianika juani kwa kiherehere, kikapasuka kabla ya saa sita mchana. Mama Akiru alikitwaa akakirudisha kwenye maji, udongo ukaanza upya. Nikaanza upya na mimi. Mgongo uliniuma, kucha zikajaa matope, na nilikuwa nimekataa katakata kuondoka bila chungu. Hatimaye kimoja kikasimama. Tulikifunika kwa gunia kikauke taratibu kivulini, na tumbo lake nililifanya jembamba alivyoniambia, mpaka nikahisi kidole changu cha nje kinasikia cha ndani.

Kisha moto. Vyake alivichoma kwa moto mkubwa wa kuni. Changu alikiwekea kinyesi cha ngamia na vijiti, moto mdogo, mfupi, akakitoa kabla sijazoea kuogopa. Kilikuwa na rangi ya kahawia isiyopendeza, na doa jeusi ubavuni. Nikakigonga kwa kifundo cha kidole.

Tu.

Hakikulia. Ni mlio uleule ambao tangu ujana niliambiwa niuogope. Nikamtazama Mama Akiru.

"Umesikia?" akasema. "Hicho kitashika maji kwa muda. Si siku nzima. Usikichezee."

Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufunga. Nimefunga vioo vya kifalme na masanamu yasiyo na shingo, lakini kitu kilichotengenezwa kisiwe na nguvu, na kifike kizima London, hicho sikuwahi. Sikutaka kreti. Nilitengeneza ngata kwa shuka langu, nikakikalisha juu yake kwenye kikapu, nikakipakata ndani ya ndege. Uwanjani ofisa mmoja akanyoosha mkono kukiinua kwa mdomo. Nilimwambia aweke mkono chini ya tako kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Akaweka.

Nilikwenda moja kwa moja Kenton. Mzee Jayanti alikuwa amepungua, amekaa kwenye kiti karibu na hita na blanketi magotini. Nikamwekea mbele yake. Akakunja kidole, akagonga. Akafumba macho akagonga tena.

"Mbaya kabisa," akasema, na uso wote ukamng'aa. "Wapi ulipata hii takataka?"

"Nimefinyanga mwenyewe, mzee."

"Inaonekana." Akakishika kwa mikono miwili, chini na ubavuni, akakaa nacho kitambo. "Kaa nayo wewe. Hapa wajukuu itamaliza kabla yangu."

Basi kikakaa kwangu. Mke wangu alihamisha sahani za harusi kabatini, akatangaza kwamba mtu yeyote atakayekigusa atakula kwa jirani. Nikastaafu nacho kabatini. Kila nilipokwenda Kenton mzee aliuliza, "Nzima?" Nami nikajibu, "Kizima, mzee." Hatukuongeza. Baridi ya mwaka huu ilipokuwa inaisha, Nilesh alinipigia simu. Nilijua kabla hajamaliza salamu kwamba baba yake amefariki. Nililia jikoni, sioni haya kuwaambia. Mtu aliyenifundisha kushika kitu alikuwa ameondoka.

Nilesh akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba ameagiza chungu mtandaoni, kiwe cha akiba. Sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Siku ya mazishi mpwa wangu alitaka kunipeleka kwa gari. Nilikataa. Hesabuni matuta ya barabarani kutoka Tottenham mpaka Kenton halafu mje mbishane na mimi. Nilisubiri watu wa kazini wapungue, nikapanda treni ya chini ya ardhi, ile ya Victoria, nikabadilisha Oxford Circus, nikapanda ya Bakerloo. Chungu nilikipakata juu ya ngata, nimelegeza kiuno ili mtikiso uishie mwilini mwangu. Na hilo mliweke akilini: hakuna sponji inayoshinda paja la mtu aliye macho. Kijana mmoja aliingia na sanduku la magurudumu likaja likiteleza kuelekea kwangu, nikalizuia kwa goti, goti hilo linaniuma mpaka leo. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami akauliza kwa upole kama ni majivu ya mtu.

"Bado," nikamjibu. "Ni chungu."

Nilipofika, jeneza lilikuwa limeshatolewa mbele ya nyumba na watu wamejaa. Nilesh alikuwa mlangoni na chungu chake cha mtandaoni, cha buluu, kinang'aa. Akavitazama viwili vile. Kisha akafanya kitu kilichonishangaza, akakunja kidole kama baba yake akagonga cha buluu. Kililia vizuri sana. Akagonga changu.

Tu.

"Hiki si kina ufa?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hakina. Ndivyo kilivyotengenezwa."

Tukatia maji. Baada ya muda kikaanza kutoa jasho, nje yote ikalowa. Nilesh aliona. Akasema kitamvunjikia begani, mbele ya watu, afadhali achukue cha buluu na amalize. Ningeweza kubishana naye, lakini maji yalikuwa yanapenya na Mama Akiru alinionya. Nikamshika mkono wa kulia nikauweka chini ya tako. Wa kushoto nikauweka ubavuni.

"Usikishike kwa mdomo," nikamwambia. "Baba yako alishika hivi. Kitafika."

Alinitazama. Kisha akakipandisha begani.

Akaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa nimemaliza kazi yangu, hakuna kingine ningeweza kukilinda. Maji yalikuwa yanamchirizika shingoni, shati jeupe likalowa mgongo mzima, akaendelea kwenda. Akafika kichwani mwa jeneza, akasimama, akawapa wote kisogo. Akakiachia.

Sikusikia mlio wowote wa kuvutia. Kulikuwa na mshindo mfupi tu, na maji, na vigae vidogo vikatawanyika mpaka kwenye viatu vyangu. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka kukidaka, yenyewe, kwa mazoea. Nikairudisha.

Nilesh hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yamekazana, anasubiri kurudishiwa chungu kama ile siku nyingine. Ndipo akaniuliza, bila kugeuza shingo, kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu nimjue:

"Kimevunjika?"

"Kimevunjika, mwanangu," nikamwambia. "Mara ya kwanza."